Sauti Iliyolipiwa na Wote: Haki za Mtumiaji kwa Mtangazaji wa Taifa

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilianza kutoa taarifa kuhusu kimbunga kilichokuwa kikijongea pwani yetu kutoka Bahari ya Hindi. Kilipewa jina la Hidaya. Kwa siku kadhaa taarifa hizo zilirudiwa na kuhuishwa kadiri mwelekeo na nguvu ya kimbunga vilivyobadilika, na watumiaji wa bahari walishauriwa kuchukua tahadhari. Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika Kisiwa cha Mafia, kisha kikapoteza nguvu.

Taarifa ya namna hiyo huandikwa na wataalamu, na mara nyingi huandikwa mbali na mahali inapohitajika zaidi. Ili iwe na faida, ni lazima imfikie nahodha wa mashua aliyeko Jibondo, mama anayevua pweza Juani wakati wa maji kupwa, na abiria anayesubiri chombo Nyamisati kuvuka kwenda Kilindoni. Iwafikie kabla hawajaondoka, kwa lugha wanayoielewa, na bila kuwadai fedha ambazo pengine hawana siku hiyo. Hiyo ni mojawapo ya sababu kuu za taifa kuwa na mtangazaji wake.

Katika sehemu hii ya kijitabu tunaeleza mtangazaji wa umma ni nani, nani anamlipia, mtumiaji anastahili kupata nini kutoka kwake, na hatua za kuchukua pale huduma inapopungua. Tumeichagua Mafia kuwa mfano kwa kuwa kisiwani mambo haya huonekana wazi zaidi, lakini yanayosemwa hapa yanamhusu pia mtumiaji wa Mbeya, Kigoma au Kariakoo.

Mtangazaji wa umma ni nani?

Watangazaji wa redio na televisheni nchini wanaweza kugawanywa katika makundi matatu. Wapo wa kibiashara, ambao huendeshwa kwa mapato ya matangazo na kwa lengo la faida. Wapo wa kijamii, ambao huhudumia eneo dogo na huendeshwa na wanajamii au taasisi zisizotafuta faida. Na yupo mtangazaji wa umma, ambaye ni mali ya wananchi wote na anao wajibu wa kuwahudumia wote.

Kwa Tanzania, mtangazaji huyo ni Shirika la Utangazaji Tanzania, ambalo wengi tunalijua kwa herufi zake TBC. Chimbuko lake ni Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza kusikika mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 huduma hiyo ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD, jina ambalo wasikilizaji wa umri mkubwa bado wanalitumia. Televisheni ya Taifa ilikuja baadaye sana, karibu na mwaka 2000. Mwaka 2002 redio na televisheni ziliunganishwa kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania, na amri iliyotolewa mwaka 2007 ndiyo iliyoleta shirika lenye jina la sasa. Leo lina idhaa za redio zikiwamo TBC Taifa na TBC FM, na chaneli za televisheni zikiwamo TBC1, TBC2 na Tanzania Safari Channel.

Majina yamebadilika mara nyingi, lakini wajibu wa msingi umebaki uleule. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya wanavijiji vilikusanyika mbele ya redio nchi nzima, vikasikiliza kipindi, vikajadiliana, kisha vikaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kwa miaka mingi, redio hiyohiyo ndiyo iliyopeleka matangazo ya vifo kutoka mji mmoja hadi mwingine, ndugu wakapata kuwahi mazishi. Kwa familia ambayo nusu yake iko Kilindoni na nusu iko Temeke, tangazo la dakika moja lilikuwa na uzito kuliko vipindi vya saa nzima.

Nani analipa?

Katika baadhi ya nchi mwananchi hulipa ada maalumu kwa ajili ya mtangazaji wa umma. Nchini Uingereza, kwa mfano, kaya inayotazama televisheni hukata leseni kila mwaka, na fedha hizo huiendesha BBC. Hapa kwetu hakuna ada ya namna hiyo. Shirika letu huendeshwa kwa ruzuku itokayo katika bajeti ya Serikali pamoja na mapato yake yenyewe, yakiwamo ya matangazo ya biashara.

Kwa sababu hiyo, watumiaji wengi hudhani kwamba redio ya taifa ni ya bure, na kwamba kitu cha bure hakidaiwi ubora. Dhana hiyo si sahihi. Ruzuku hutokana na kodi, na kodi hulipwa hata na mtu ambaye hajawahi kukanyaga ofisi ya kodi. Mvuvi anaponunua muda wa maongezi wa simu, ndani ya bei ile imo Kodi ya Ongezeko la Thamani. Anaponunua sabuni au betri za tochi dukani, mara nyingi kodi hiyo imekwisha kuingizwa katika bei kabla bidhaa haijavuka bahari. Amelipia, ingawa hakupewa stakabadhi iliyoandikwa neno redio.

Jambo hili lina maana kubwa kwa kisiwa. Anayelipia tangazo la biashara hutaka lisikiwe na watu wengi wenye uwezo wa kununua bidhaa yake. Kwa hesabu hiyo, mnara uliopo Dar es Salaam una faida, ilhali mnara wa kuhudumia kijiji cha wavuvi huenda usirudishe hata gharama za umeme wake. Hatumlaumu mfanyabiashara kwa hesabu hiyo, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mtangazaji wa umma, kwa upande mwingine, hupewa ruzuku ili afike pale ambapo hesabu ya biashara inakataa. Kwa sababu hiyohiyo upo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili kusaidia kufikisha huduma za mawasiliano katika maeneo yasiyo na mvuto wa kibiashara.

Unastahili kupata nini?

Kwanza, unastahili kufikiwa. Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatambua kwamba kila mtu ana haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Katiba haisemi kila mtu aishiye karibu na mnara.

Pili, unastahili kuarifiwa kwa wakati na kwa usahihi. Taarifa ya hali ya hewa kwa watu wa bara inaweza kumaanisha kuanua nguo au kuahirisha safari ya sokoni. Kwa watu wa Mafia inamaanisha uhai. Wakati wa kusi, upepo unapobadilika, mashua ndogo haina pa kujificha katikati ya mlango wa bahari. Kwa hiyo utabiri unaosomwa kwa ujumla, kwamba pwani kutakuwa na upepo, haumtoshelezi baharia. Anahitaji kusikia upepo unatoka upande gani, kwa kasi gani, na mawimbi yatafikia urefu gani. Pia anahitaji kuusikia kwa saa inayojulikana, ili aweze kupanga safari yake.

Tatu, unastahili kusikika. Chombo kinacholipiwa na wote kinapaswa kubeba sauti za wote, wanaoongoza na wanaoongozwa. Chukulia Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ambayo ndani yake wamo wanavijiji wanaoishi kwa uvuvi. Kipindi kinachowaeleza wasikilizaji faida za kuhifadhi matumbawe na samaki ni kipindi chema. Ila iwapo anayezungumza ni msimamizi wa hifadhi peke yake, na mvuvi aliyebadilishiwa nyavu na eneo la kuvua hasikiki, msikilizaji amepewa nusu ya habari. Ni hivyohivyo katika siasa. Sheria za uchaguzi zimekuwa zikiwapa wagombea wa urais haki ya kutumia redio na televisheni ya umma wakati wa kampeni, kwa kutambua kwamba chombo hicho si cha upande mmoja.

Nne, unastahili kueleweka na kuheshimiwa. Taarifa ya umma itolewe kwa Kiswahili kinachoeleweka na mtu asiye mtaalamu. Mtazamaji kiziwi anahitaji mkalimani wa lugha ya alama katika taarifa ya habari na katika matangazo ya dharura, kwa sababu maandishi machache yapitayo chini ya kioo hayamtoshi. Mzazi anahitaji uhakika kwamba kipindi kinachorushwa wakati watoto wako macho kinawafaa watoto.

Kwa nini redio ni ngumu kisiwani?

Watumiaji wengi wa visiwani hutuuliza kwa nini redio fulani husikika vizuri siku moja na kupotea siku ya pili. Ni vyema kulielewa jambo hili, kwa kuwa linamsaidia mtumiaji kujua kama tatizo liko kwenye redio yake au kwenye huduma.

Mawimbi ya FM husafiri karibu kama jicho linavyoona. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mnara wenye kimo cha mita 100 juu ya usawa wa bahari hufikisha mawimbi takriban kilomita 40 hivi, na wenye kimo cha mita 300 takriban kilomita 70. Zaidi ya hapo mawimbi huendelea kunyooka kwenda angani na kumwacha msikilizaji chini yake. Kilindoni iko takriban kilomita 130 kusini mwa Dar es Salaam. Kwa hiyo msikilizaji wa Mafia hawezi kutegemea mnara wa FM wa Dar es Salaam. Siku nyingine, hali ya hewa juu ya bahari huyapinda mawimbi, na sauti ya kituo cha mbali huja wazi kama ya jirani. Kesho yake haipo. Hiyo ni bahati ya hali ya hewa, na haipaswi kuhesabiwa kuwa huduma.

Mawimbi ya kati, yaani yale yanayoandikwa MW au AM kwenye redio, hufuata uso wa dunia, na maji ya chumvi huyabeba vizuri kuliko nchi kavu. Kwa sababu hiyo, zamani redio zilisikika mbali sana baharini. Hata hivyo, mitambo yake huhitaji milingoti mikubwa na umeme mwingi, na usiku huingiliana na vituo vya nchi nyingine. Watangazaji wengi wamehamia FM, ambayo sauti yake ni safi zaidi. Katika kuhama huko, anayekaa mbali ndiye anayeweza kupungukiwa, isipokuwa mnara ujengwe karibu naye.

Simu ya mkononi imesaidia sana, lakini haijachukua nafasi ya redio. Kusikiliza kwa intaneti hutumia kifurushi, huhitaji mtandao ulio imara, na hukatika chombo kinapokwenda mbali na nchi kavu. Simu nyingi zina redio ya FM isiyotumia intaneti. Ukiitumia, chomeka waya wa masikioni, kwa kuwa waya huo ndio antena. Bila huo, simu husema hakuna kituo hata kama mnara uko karibu.

Televisheni na king'amuzi

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia, ikianzia Dar es Salaam na kuendelea awamu kwa awamu mikoani. Tangu hapo televisheni huhitaji king'amuzi, ambacho huitwa pia kisimbuzi. Kuna kile kinachopokea mawimbi ya minara ya nchi kavu kwa antena ya kawaida, na kuna kile kinachopokea mawimbi ya setilaiti kwa dishi.

Kabla ya kununua, muulize muuzaji mambo matatu. La kwanza, kama king'amuzi hicho ni cha antena au cha dishi. La pili, kama mawimbi ya antena yanafika kijijini kwako. Usikubali jibu kwamba yanafika Mafia, kwa kuwa kufika Kilindoni si kufika Bweni wala Chole. La tatu, ni chaneli zipi zitakazoendelea kuonekana kifurushi kikiisha. Chaneli ya taifa, TBC1, ni miongoni mwa chaneli zilizokusudiwa kutazamwa bila malipo ya mwezi kwenye mfumo wa nchi kavu. Masharti ya ving'amuzi vya dishi yanaweza kutofautiana, hivyo yasome au uombe usomewe kabla hujatoa fedha. Dai stakabadhi na hati ya dhamana, na uzihifadhi mahali pasipofika maji.

Usipohudumiwa, ufanye nini?

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba tatizo haliko kwako. Jaribu redio nyingine mahali palepale. Sogea nje ya nyumba, hasa kama paa ni la bati. Muulize jirani. Kama redio tatu tofauti hazisikii kituo kilekile, tatizo si betri zako.

Hatua ya pili ni kuandika. Andika jina la kijiji na kitongoji, tarehe na saa, masafa uliyojaribu, aina ya kifaa, na kama vituo vingine vinasikika hapohapo. Kama lalamiko ni la maudhui, andika jina la kipindi, siku na saa kilipotangazwa, na kilichosemwa au kuoneshwa. Wahandisi wanaweza kufanyia kazi barua inayosema kwamba TBC Taifa haikusikika Jibondo siku tatu mfululizo kuanzia saa 12 jioni. Barua inayosema kwamba redio ni mbovu haiwasaidii.

Hatua ya tatu ni kupeleka lalamiko kwa mtoa huduma mwenyewe, yaani shirika la utangazaji au kampuni ya king'amuzi, na kubaki na nakala. Mpe nafasi ya kujibu. Lalamiko linaweza kuwa la mtu mmoja au la kikundi. Ushirika wa wavuvi, kikundi cha wakulima wa mwani, shule au serikali ya kijiji inaweza kuandika barua moja kwa niaba ya wengi.

Hatua ya nne, usiporidhika na jibu au usipojibiwa, ni kulileta kwetu pamoja na nakala ya barua ya kwanza. Malalamiko ya maudhui ya redio na televisheni hushughulikiwa na Kamati ya Maudhui, ambayo husikiliza pande zote mbili. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anayo nafasi ya kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Aidha, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoanzishwa chini ya sheria yetu ya mwaka 2003, ambalo kazi yake ni kuwasemea watumiaji.

Kuhusu kufika kwa matangazo, tunakiri kwamba lalamiko halijengi mnara kwa siku moja. Mnara huhitaji fedha, eneo, umeme na mpango. Lakini maeneo ya kuhudumiwa hupangwa kwa kuangalia taarifa zilizopo, na kijiji ambacho hakijawahi kuandika huonekana kwenye makaratasi kama kijiji kisicho na tatizo. Watu wa visiwani wamezoea kuvumilia, na uvumilivu huo katika jambo hili umewagharimu.

Wakati ukisubiri, kijiji kinaweza kujiwekea utaratibu wake. Ichaguliwe redio moja inayoshika vizuri, iwekwe mahali palipoinuka karibu na diko, na apatikane mtu wa kusikiliza taarifa ya habari na hali ya hewa jioni na kuwaarifu wenye vyombo kabla ya alfajiri. Wazee waliosikiliza Mtu ni Afya kwa pamoja wataukumbuka utaratibu huo.

Kimbunga Hidaya kilipungua nguvu kilipofika Mafia. Kijacho huenda kisipungue. Siku hiyo, mwananchi atakayekuwa ameshika kasia ufukweni Jibondo atakuwa na haki ya kupata onyo lilelile, kwa saa ileile, kama mwananchi aliyeketi sebuleni Dar es Salaam. Wote wawili wamelilipia. Kama redio yako haikupi onyo hilo, tafadhali tuandikie sasa, bahari ingali shwari.